Vidonge havikumsaidia Baba, kubadilisha mpira wa mkojo ndiko kulikomsaidia

Ukiwa na mgonjwa wa mpira wa mkojo nyumbani, kila anayekuja kumjulia hali anaacha ushauri. Mnyweshe hiki, mchome sindano ile, mimina dawa ya kudekia kwenye mfuko ili vijidudu vife. Na duka la dawa la mtaani kwetu, hapa Tanga, lilitupa vidonge vilevile kila tulipokwenda kusema mkojo umekuwa mzito na unanuka. Baba anameza, mkojo unatakata, tunafurahi, kisha unarudi ulivyokuwa. Fedha iliyoishia pale ingenunua mipira mizuri ya mwaka mzima. Nilikasirika na bado nina hasira, kwa sababu najua kuna familia nyingine zinapitishwa njia hiyohiyo.

Baba ana tezi dume, na mapafu yake hayakuwa tayari kwa upasuaji. Mpira tuliambiwa ni wa kukaa nao.

Aliyetufungua macho ni nesi mstaafu jirani yetu. "Mwanangu," aliniambia, "mnautibu mkojo, na wadudu wako kwenye mpira." Akanieleza kitu ambacho hakuna aliyewahi kunieleza. Mpira ukishaingia kibofuni, protini zilizomo kwenye mkojo zinaupaka mapema sana, na bakteria wanaopita wanapata pa kushika. Wana vinyweleo vidogo mno wanavyojibandikia. Wakishatulia wanazaana na kutoa ute unaowafunika wote. Utando huo na ukoga wa meno ni kitu cha aina moja. Miaka ya 1680 Mholanzi Antonie van Leeuwenhoek aliuangalia ukoga kwa hadubini, akagundua kuwa siki aliyosukutulia iliua wadudu wa juu tu, wa ndani wakabaki hai. Ndivyo vilivyofanya vidonge vya Baba: viliwaua wanaoelea kwenye mkojo, vikawaacha waliojibandika. Wale wa ndani ya ute hukua polepole, na dawa nyingi hufanya kazi vizuri kwa bakteria anayekua kwa kasi. Unameza dozi baada ya dozi, mwishowe wanaosalia ni wale sugu.

Kisha homa ikampanda kweli. Alitetemeka, akaanza kuongea maneno yasiyoeleweka, tukamkimbiza hospitali. Kule wakataka kuchukua mkojo kwenye mfuko. Nesi wetu alikuwa amenionya: mkojo wa mfukoni, au wa mpira uliokaa zaidi ya wiki mbili, unaonyesha wadudu walioota kwenye mpira, si lazima wawe ndio wanaomuumiza mgonjwa. Nilisimama pale nikaomba mpira ubadilishwe kwanza, kisha mkojo uchukuliwe kutoka kwenye ule mpya. Kijana wa zamu hakupenda, lakini daktari aliyefika baadaye alikubaliana nami palepale. Walipouotesha maabara, akaota bakteria mmoja anayeeleweka, Proteus, na ikaonekana dawa gani inamweza na ipi haimwezi. Vile vidonge vya mtaani vilikuwa kwenye orodha ya visivyomweza. Homa ikashuka, na Baba akaulizia chai.

Huyo Proteus ana tabia mbaya kuliko wengine. Anavunja urea iliyomo kwenye mkojo na kutoa amonia, mkojo unapoteza uchachu wake, madini yanaganda kama mchanga juu ya utando hadi mpira unaziba. Mpira ukiziba ni dharura: tumbo la chini linajaa, mkojo unavuja pembeni, na ukirudi juu unaweza kuumiza figo.

Hapa ndipo nilipopata mbinu ninayojivunia kuliko zote. Nesi alipotoa mpira wa zamani niliomba asiutupe. Nikavaa glavu, nikauminya kwa vidole kuanzia nchani: unakwaruza ndani. Nikaupasua kwa wembe kwa urefu wake, na pale kwenye tundu la nchani, karibu na puto linaloushikilia mpira kibofuni, kulikuwa na ukoko mweupe uliobakiza njia nyembamba tu. Tangu hapo kila mpira unaotolewa naupasua, naandika kwenye daftari umekaa muda gani na ukoko umefika wapi. Tulikuwa tukiambiwa ubadilishwe kila mwezi, basi. Kwa Baba mwezi ni mrefu mno, na daftari ndilo lililomshawishi daktari. Sasa unabadilishwa kabla haujaziba, na habari za kukimbia hospitali usiku zimekwisha.

Tulihamia pia kwenye mpira wa silikoni. Bei yake ni mara kadhaa ya ule wa kawaida, lakini njia yake ya ndani ni pana zaidi kwa saizi ileile, kwa hiyo huchelewa kuziba. Utando unaota humo pia, usidanganywe na muuzaji. Maji anakunywa mengi, mengine yamekamuliwa ndimu, kwa sababu asidi ya ndimu huchelewesha yale madini kuganda. Mwenye figo au moyo mbovu aulize kwanza.

Na mkojo ukiwa na ukungu tu, bila homa wala maumivu, hatukimbilii tena vidonge. Katika wagonjwa 100 wenye mpira, kati ya 3 na 7 hupata bakteria kwenye mkojo kila siku inayopita. Mwezi ukiisha karibu wote wanao. Ninayoyaogopa ni homa, kutetemeka, damu, maumivu ya kiunoni na mzee kuchanganyikiwa ghafla.

Mfuko ukae chini ya kibofu, usiguse sakafu, na usiuchomoe kwenye mpira ovyo, maana hapo ndipo wageni wanapoingilia. Dawa ya kudekia ibaki kwenye deki. Kwenye daftari andika pia saizi ya mpira na maji ya puto: Baba anatumia 16, mililita 10, na nesi yeyote akija anaanza kazi bila kubahatisha.