Bamvua la Saa Sita

Wiki ya tisa tangu mama aje kwetu Portland, jimbo la Oregon, Marekani, nilimkuta asubuhi moja amesimama dirishani, amejitanda kanga juu ya sweta langu, anatazama mvua. Bila kugeuka akaniuliza, "Bahari ya huku iko upande gani?" Nikamwambia iko magharibi, mwendo wa saa mbili kwa gari. Akanyamaza kidogo. "Saa mbili tu," akasema, "na mimi nina wiki tisa humu ndani."

Maneno yale yaliniingia. Mama ni mzaliwa wa Kigombe, kati ya Tanga na Pangani, na nyumba yetu kule iko karibu na bahari kiasi kwamba usiku wa maji makubwa unasikia ngalawa zikigongana. Tangu usichana wake alikwenda mwambani kuchokoa pweza, na hata magoti yalipomkataza, wanawake wenzake waliendelea kumpitia jioni: "Shoga, kesho mwamba unatoka?" Hana jedwali wala hatazami simu. Anahesabu mwezi. Mwezi ukiandama na mwezi ukipevuka ni bamvua, maji hujaa sana na kupwa sana. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, baki nyumbani ukune nazi. Na siku ya bamvua, kwetu, maji hupwa saa nne asubuhi na kujaa saa kumi. Hilo nililijua kabla sijajua kusoma.

Huku Portland mtu huyo huyo alikuwa hawashi jiko bila kuniuliza. Barua zikija ananikabidhi, simu ikilia ananikabidhi, mtu akibisha mlango anaingia chumbani. Nilimleta apumzike, na kupumzika kule kulikuwa kunammaliza.

Ilikuwa Januari 2020. Ijumaa usiku alihesabu kwa vidole, akasema, "Kesho mwezi kumi na tano, Mfungo Nane. Bamvua. Tutoke mapema, tukifika saa nne tutakuta maji yamekupwa, mtoto aone mwamba." Mwezi wenyewe tulikuwa hatujauona hata usiku mmoja, maana mawingu ya Oregon wakati wa baridi hukaa juu ya paa wiki nzima. Yeye alikuwa akihesabu tu, siku baada ya siku, tangu ulipoandama. Nikamweleza kwamba wametangaza upepo na mawimbi makubwa pwani nzima. Akauliza kama barabara imefungwa. Nikasema hapana.

"Basi twende."

Tuliondoka kungali giza, mimi, mama, na binti yangu wa miaka sita ambaye alilala kwenye paja la bibi yake hata kabla hatujafika kituo cha mafuta. Pale kijana alitoka mbio kwenye mvua kutujazia tangi, kwa sababu miaka ile sheria ya Oregon ilikuwa bado haimruhusu dereva kujijazia mwenyewe, isipokuwa sehemu za mashambani. Mama hakuona ajabu, ndivyo ilivyo Tanga pia. Baada ya hapo ikawa mashamba yaliyolowa, kisha msitu, miti mirefu imeota kuvumwani hadi matawini, ukungu umelala katikati ya barabara. Mvua ilinyesha mfululizo, nyembamba, bila radi hata moja. "Mvua gani hii isiyosema?" mama aliuliza. Kwetu masika hubisha hodi kwanza.

Tuliingia Lincoln City saa nne kamili. Kuna maegesho pale yanayotazamana na bahari uso kwa uso, karibu na kijito kifupi kinachotoka ziwani na kuishia mchangani. Nikazima gari, nikasugua kioo kwa kiganja. Mwamba haukuwepo. Mchanga wenyewe ulikuwa umebaki ukanda mwembamba, na maji yalikuwa yanapanda, ya kijivu, yamechafuka, yana povu zito la rangi ya chai ya maziwa. Bahari ilikuwa inajaa wakati ambao, kwa hesabu ya mama, ilitakiwa kuwa imeondoka hadi mbali.

Mama alitazama muda mrefu. Kisha akaanza kuhesabu vidole upya, polepole, midomo ikicheza. "Nimekosea siku," akasema. Alisema taratibu kabisa, na mimi nikatamani ningekuwa sikumleta. Yote mengine yalikuwa yameshamponyoka katika nchi hii, lugha, jiko, majirani, hata kujua saa kwa kutazama jua. Hili moja alikuwa amekuja nalo mwenyewe, kichwani, bila kumwomba mtu.

Mtoto alikuwa ameamka, anataka kushuka mchangani. Nilikuwa nishamfunga buti. Mama akamshika mkono. "Hashuki mtu." Alinyoosha kidole, na nikaona alichokuwa anakitazama: gogo, nene kuliko mnazi, limelala ufuoni kama kitu kilichowekwa pale miaka mingi. Wimbi moja likaja, kubwa kidogo tu kuliko wenzake, likapita chini yake, na gogo zima likainuka, likageuka upande, likarudi chini kwa kishindo tulichokisikia ndani ya gari vioo vikiwa vimefungwa. Kuna kibao pale kinachowaonya watu wasiipe bahari mgongo. Mama hakuhitaji nimsomee. Mtoto alilia, tukampa mandazi, tukaondoka.

Tukashika barabara 101 kwenda kusini. Ni barabara inayofuata pwani yote ya Oregon, na siku ya jua watu husimama kila kona kupiga picha. Siku ile tuliona magenge ya mwamba yanatokea kwenye mawingu na kurudi humo humo. Katika kipande cha njia ambako ufuo ulionekana, mama aliuliza ni wa hoteli ipi. Nikamwambia si wa hoteli yoyote, kwamba tangu 1967 kuna sheria inayolinda haki ya kila mtu kutembea katika fukwe zote za jimbo, na hakuna mwenye ruhusa ya kumfukuza mwenzake. Akanitaka nirudie. Kwetu kuna mahali ambapo wanawake walikuwa wakipita kwenda mwambani tangu enzi za bibi zao, na siku hizi kuna ukuta na mlinzi. Nami nasema wazi kwamba katika yote niliyoyaona Marekani, sheria hiyo ndiyo ningeifunga kwenye mzigo kwanza nikienda nyumbani.

Karibu saa sita mchana tukafika Depoe Bay. Mji wenyewe umekaa juu ya mwamba mweusi wa volkano, na barabara kuu imepita ukingoni kabisa, kati yake na bahari kuna ukuta wa mawe unaofika kiunoni. Chini ya ukuta mwamba una nyufa, na bahari ikisukuma, maji hupenya kwenye nyufa hizo na kuruka juu. Hapo kabla ningesema nimewahi kuona mawimbi. Kwanza ulisikia pigo kwa chini, miguuni, kama mtu ameangusha gunia chumba cha jirani. Halafu kimya, kadiri ya kuvuta pumzi moja. Halafu nguzo nyeupe ya maji ikapanda mbele yetu, ikapita ukuta, ikapita taa za barabarani, ikasimama hewani, kisha upepo ukaipiga na yote ikatuangukia na magari yaliyokuwa yanapita. Ilikuwa na chumvi. Nililamba midomo, nikamtazama mama, naye alikuwa analamba midomo yake.

Alikuwa amelowa kuanzia kanga hadi viatu na macho yake yalikuwa yanawaka. "Hili ni bamvua," akasema. "Siku sikukosea. Saa ndiyo imehama."

Sitasahau alivyolitamka.

Tulisali adhuhuri chini ya kipaa kimoja kando ya maegesho, mwavuli ukizuia mvua ya pembeni. Nilimwonyesha kibla, kaskazini kwa kukengeuka kidogo mashariki. Alipomaliza alikaa kwenye mkeka akatazama bahari, akasema, "Nyumbani nikisali bahari iko kulia kwangu. Hapa iko kushoto." Miaka kumi na moja nimesali katika jimbo hili, na sikuwahi kuliona hilo.

Newport ni mji wa wavuvi, na daraja lake la mwaka 1936 siku ile lilionekana nusu tu, tao la chuma limeingia kwenye ukungu na halitoki upande wa pili. Gatini simba wa baharini walikuwa wanabweka juu ya maboya, na boti zilikuwa zinashusha kaa. Mama alikwenda moja kwa moja kwenye madema, mitego ya kunasia kaa. Ni ya chuma, ya mviringo, yamesukwa waya, lakini alipotia mkono mdomoni mwa dema na kuona kaa anavyoingia na kushindwa kutoka, alicheka peke yake, kwa sababu ni akili ile ile ya dema la mianzi.

Kulikuwa na mzee amevaa koti la mpira la rangi ya chungwa, anapanga ndoo. "Muulize huyu mzee," mama aliniambia, "bamvua lao hupwa saa ngapi."

Kiingereza changu ni cha ofisini. Ilibidi nilizunguke neno bamvua kwa maneno kumi. Mzee alifuta mikono, akamtazama mama badala ya kunitazama mimi, akaingia kibandani na kutoka na kijitabu kinachotosha kiganjani, cha majedwali ya maji ya mwaka mzima. Kila siku ilikuwa na mstari wake wa tarakimu, na pembeni viduara vya mwezi, vyeupe na vyeusi. Akaweka kidole kwenye Januari 11.

Tarakimu hazihitaji mkalimani. Mama alisoma kwa sauti, akigeuza saa zao kuwa zetu: maji makuu karibu saa sita mchana, futi kama 10, kisha yanapwa hadi mwisho saa moja usiku. Kidole chake kikasimama. "Na haya ya alfajiri mbona yalipwa nusunusu? Maji mawili ya siku moja, mbona si ndugu?" Nikatafsiri. Mzee alifurahi, alifurahi kweli. Akaeleza kwamba ndivyo bahari yao ilivyo, kila siku kuna maji makubwa na maji mwenziwe mdogo. Mwezi ni mmoja, alisema, lakini kila bahari ina bonde lake na maji huchukua muda wake kulizunguka. Wakati wa baridi maji hupwa sana usiku, na wakati wa joto hupwa sana asubuhi.

Mama naye akaeleza ya kwetu. Saa nne, mwamba, wanawake kwa mchokoo na ndoo kichwani. Mzee akauliza wanatafuta nini. Niliposema pweza, alitanua mikono yote miwili na bado haikutosha kuonyesha pweza wa huku. "Huyo humchokoi," mama akasema, "huyo anakuchokoa wewe." Mzee alimpa mama kile kijitabu. Nilisimama kati yao, mvua inanishuka shingoni, na kwa muda wote ule mama hakuwa mgeni wa mtu.

Tulirudi kwa giza. Usiku tukasikia habari: siku ile ile, ufuo mmoja kaskazini ya tulikokuwa, wimbi lilimbeba baba na watoto wake wawili. Baba alipona. Watoto hawakupona. Mama hakusema lolote kuhusu buti za mjukuu wake. Alikwenda akamtazama amelala, akarudi, akakaa kwenye mkeka hadi nikamwacha pale.

Aliondoka mwishoni mwa Februari, na majuma machache baadaye safari za dunia zikasimama. Mwaka ule wote tulionana kwa simu tu. Lakini kijitabu alikuwa nacho, na kila mwezi ukipevuka alinipigia kabla sijaamka vizuri. Hakunisalimia kwanza kama kawaida yake. Alianza na hesabu, kwao saa ngapi, kwetu saa ngapi, kisha akauliza kama mtu anayedai kitu chake:

"Mwanangu, umekwenda kuyaona?"