Bado umeniandika?

Jumamosi nilipanda daladala Kabwe, hapa Mbeya, nikirudi Uyole. Mwanjelwa akapanda Mama Zawadi na ndoo ya parachichi, konda akamsogeza kwangu. Tukasalimiana vizuri tu: watoto hawajambo, baridi ya mwaka huu imezidi. Tulipokaribia Sae akanyanyua ndoo, akaniinamia sikioni.

"Mama Neema, hivi bado umeniandika?"

"Aa, hata sikumbuki."

Akacheka, akashuka.

Uongo mtupu. Deni lake la dukani kwangu nalikumbuka mpaka mwandiko. Mchele wa Kyela kilo 5, sukari kilo 2, mafuta ya kupima lita 2, sabuni ya mche. Jumla 23,700. Sabuni niliiandika kwa penseli maana kalamu iligoma.

Juma hili nimemaliza mafunzo ya ushonaji, mdogo wangu kaolewa Tukuyu mvua ikitunyeshea, lakini kichwani ni ndoo na lile swali tu. Nalirudia nikichota maji, nikipiga pasi. Alisema "umeniandika" au "unaniandika"? Kama ni umeniandika, anaulizia deni. Kama ni unaniandika, hapo kanisema mimi.

Duka mnajua nililifunga 2021. Tangu hapo nimehama mara mbili, kitanda nikauza, makabati nikagawa, ila kaunta buku ya madeni nimetembea nayo kama cheti cha kuzaliwa. Usiku ule nikaifungua, blanketi mabegani. Ukurasa wa kwanza wala si Mama Zawadi. Ni Baba Neema: "300,000, mtaji wa Tunduma, kurudisha Ijumaa." Tarehe hakuna, mwaka hakuna. Ijumaa.

Na mimi miaka yote hiyo nasema nadai hela! Mtu mzima, nimekaa naisubiri Ijumaa.

Nikachana kurasa zote zilizoandikwa, asubuhi nikampelekea bibi wa karanga hapo nje, afungie. Nyeupe za nyuma nikabaki nazo. Mchana kaja mteja wangu wa kwanza, nikaandika: bega 15, kiuno 32, urefu 44. Mkono ulikuwa unanitetemeka kidogo, sijui kwa baridi.

Jana Neema karudi na karanga za mia mbili. Nafungua karatasi, sabuni ya mche kwa penseli! Nilicheka mpaka mtoto akaogopa. Halafu nikanyamaza: jamani, mtaa mzima sasa unatafuna karanga huku unasoma madeni ya watu. Ningechana vipande vidogo. Mama Zawadi angalau wake umerudi nyumbani, nimeutia jikoni pamoja na maganda. Wa Baba Neema sijui umemfungia nani, za chumvi au zisizo na chumvi.

Sasa hivi ni saa mbili usiku na yule kuku wangu mweupe hajarudi bandani. Jirani kaleta mbwa wawili wapya tangu Jumatatu, na hawafungi geti.