Niliseva, mwanangu

Juzi usiku mpwa wangu kanitumia picha ya skrini. Kachukua faili lake la Word, kabadilisha ule mkia wa jina kutoka .docx kuwa .zip (yaani faili linalobana mafaili mengi kuwa moja), likafunguka kama folda, ndani kuna folda nyingine inaitwa word na picha zake zote zimelala kwenye media. "Anko, kumbe Word ni zip?" Nikamwambia ndiyo, tangu Office 2007, na ukilifungua kwa Notepad herufi mbili za mwanzo utakuta ni PK, hizo ni za Phil Katz, Mmarekani aliyetoa zip mwaka 1989. Akajibu "duh", akalala zake. Mimi usingizi ukakata, nikaanza kumuwaza yule Mwalimu wa mashine namba sita.

Enzi za kafe ile ya Morogoro, kule ghorofani, mimi zamu ya jioni. Windows XP kila mashine, monita za chogo, na Deep Freeze. Kwa ambao hamkukaa kafe, Deep Freeze ni ile programu inayogandisha kompyuta, yaani ikizimwa na kuwaka tena inarudi vilevile ilivyokuwa, kila alichoacha mteja kinafutika, virusi, picha, paswedi, kila kitu. Bosi aliipenda kuliko sisi wafanyakazi wake.

Mwalimu alikuwa anafundisha shule ya msingi huku anasoma digrii. Supavaiza wake alikuwa mtu wa kutuma kila kitu kwenye zip, ripoti na dodoso na majedwali humo humo, basi Mwalimu anaidaka kwenye imeili, anaiweka kwenye flashi, anaifungua kwa WinRAR, ile programu ya kufungulia zip, anakliki ripoti mara mbili na kuanza kuchapa. Siku hiyo alikaa mchana kutwa kwenye chapta ya nne. Anachapa sentensi mbili, anaseva. Tatu, anaseva. Katikati kikatokea kile kiboksi cha WinRAR cha kumwambia anunue leseni (zile siku 40 za majaribio kwenye kafe yetu ziliisha zamani sana) akakifunga, na dirisha la WinRAR akalifunga pia maana lilikuwa linamziba, Word ikabaki, akaendelea. Akamaliza, akachomoa flashi, akalipa, akaaga.

Tunakaribia kufunga akarudi anahema. Alipitia stesheneri kuprinti, kilichotoka ni chapta ya nne ya wiki iliyopita.

"Niliseva, mwanangu. Wallahi niliseva."

Bosi akamwambia mama hukuseva. Kijana mmoja pale akasema hawa wazee bwana. Mtu wa mashine ya tatu, ambaye hata hakuulizwa, akaanza kumfundisha kitufe cha kuseva kiko wapi. Mwalimu kasimama na mkoba wake anarudia neno lilelile, na mimi niliyemsikia na ile kibodi yake tangu nilipoingia zamu nilijua anasema kweli, sema ukweli wake uko wapi ndiyo ilikuwa kazi.

Maana ukikliki faili lililo ndani ya zip halifunguki mlemle. WinRAR inatoa nakala, inaitupa kwenye folda ya muda, Word inafungua ile nakala, na wewe ukiseva unaseva kwenye nakala. Baadaye WinRAR ndiyo inakuuliza, faili limebadilika, nilirudishe ndani? Sasa kama umeshaifunga, hakuna wa kukuuliza. Na haiwezekani tu kuandika juu kwa juu, vitu vilivyobanwa vikibadilika ukubwa wake unabadilika, na orodha ya vilivyomo inakaa mkiani mwa zip, kwa hiyo inabidi iandikwe upya. Ni gunia la mahindi lililoshonwa mdomo, hubadilishi debe la katikati bila kulifumua.

Kwa hiyo chapta ilikuwa haijaenda popote. Iko mashine namba sita, hai, mpaka mtu aizime.

Na bosi alikuwa ameshaanza kuzima.

Alikuwa na utaratibu wake, anaanzia mlangoni anakwenda ndani, moja moja, anahesabu kwa sauti. "Moja." Ule mlio wa XP wa kuaga. "Mbili." Nikaruka mpaka namba sita, kuna dogo yuko hi5, mtandao wa kijamii wa enzi hizo, namwambia naomba kiti, ananiambia bado nina dakika. Nikamwambia nitakupa saa nzima kesho. Akanyanyuka taratibu kama vile anafanya makusudi. Kwanza nikaenda Word, kwenye ile listi ya mafaili ya karibuni, kuna barua za kuomba kazi za watu wengine, la Mwalimu limeshasukumwa nje. "Tatu." Nikafungua Run, nikaandika %temp%, njia ya kufikia ile folda ya muda, Enta. Takataka za kila aina, tmp, tmp, tmp. Mwalimu keshakuja nyuma yangu, nasikia pumzi yake juu ya sikio. Nikapanga kwa tarehe. Folda moja inaitwa Rar$DI00 na namba mbele yake. Nikaingia. Faili moja tu, RIPOTI MAREKEBISHO, saa ya mwisho kubadilishwa ni ile ile aliyoondoka. "Nne." Nikalifungua, nikashuka mpaka chapta ya nne.

Hakupiga kelele. Aliweka kidole kwenye kioo cha monita, akawa anafuata mistari, midomo inacheza, jedwali la kwanza, jedwali la pili, mpaka sentensi ya mwisho ambayo aliiacha katikati ili aende kuwahi kuprinti. Mimi huku nakopi kwenye flashi, nakopi tena kwenye imeili yake, mikono haitulii.

"Tano," bosi akasema, yuko pembeni yetu, mkono unakuja.

"Bosi hiyo usiguse."

Mwalimu wala hakugeuka. Kidole bado kiko kwenye kioo. "Nilisema niliseva."

Bosi hakumwomba radhi. Kesho yake aliprinti karatasi akaibandika ukutani kwa herufi kubwa: MTEJA HAKIKISHA UMESEVA KAZI YAKO. Ilinichekesha na ikaniudhi pia, maana pale kafe nzima aliyeseva kuliko wote ni Mwalimu. Mpaka leo nikisikia mtu anaambiwa hukuseva huwa nasita. Sijui wa kumlaumu nani, aliyetengeneza zip ifunguke ionekane folda ya kawaida, au sisi tunaoamini kila folda ni folda, au pengine hakuna.

Wiki iliyofuata Mwalimu akaja, akasoma lile tangazo mpaka mwisho, akakaa namba sita, akachomeka flashi, akafungua zip, akakliki ripoti mara mbili humo humo ndani. Nikamsogelea, shikamoo Mwalimu, naomba ulitoe kwanza nje ndiyo uandike.

Akaniangalia juu ya miwani. "Kwani wewe leo huna zamu?"