Siku moja Amani, magoti matopeni

Saa 11 alfajiri. Ukungu umeilalia Amani, hapa milimani Usambara Mashariki, hata mashamba ya chai ng'ambo ya barabara hayaonekani. Nakagua begi: kamera, lenzi ya makro ya mm 100 (ya kupigia vitu vidogo kwa karibu), flashi, betri nane, vibanio viwili vya nguo. Ndiyo, vile vya kuanikia. Mteja wangu wa Tanga anataka picha tano za kalenda, viumbe na maua madogo ya Usambara Mashariki. Jana nilirudi na moja.

Saa 12. Mzee anayeniongoza msituni ameshafika.
"Shikamoo, baba."
"Marahaba, mwanangu. Umekula?"
Anajua nikishaona mdudu nasahau tumbo.

Saa 1 na nusu. Dughulushi, ua la zambarau lililojibanza kwenye mwamba penye kivuli. Mbegu zake zilipelekwa Ujerumani mwaka 1892, na leo jamaa zake wamejaa madirishani Ulaya. Hapa flashi naizima. Majani yake yana vinyweleo, na ukungu wa asubuhi unavimulika kuliko kifaa chochote nilichonunua. Kamera juu ya stendi fupi, shata ikae wazi nusu sekunde. Upepo ukileta ubishi, nachomeka kijiti nyuma ya kikonyo na kukishikiza kwa kibanio ili ua liegemee. Upande wenye giza naweka karatasi nyeupe irudishe mwanga. Picha ya pili hiyo.

Saa 3. Buibui mrukaji juu ya jani, mdogo kuliko punje ya mchele. Watu huniuliza kila siku: lenzi ya makro ya mm 60 au 100? Ukipiga kwa ukubwa halisi, yaani taswira ya mdudu ndani ya kamera ilingane na mdudu mwenyewe, mm 60 inakuachia chini ya sentimita 10 kati ya kioo na mdudu. Mm 100 inakupa kama 13. Zinaonekana chache, lakini ndizo zinazoamua buibui akimbie au abaki, na kivuli cha lenzi kimwangukie au kisimwangukie. Kama mfuko haujatuna, geuza lenzi ya mm 50 kinyumenyume kwa pete ya bei rahisi. Mimi nilianza hivyo, nikawa karibu nigusane pua na panzi.

Ila lenzi si kitu kilichonitesa jana. Nilimpiga buibui kama huyu, nikakuza picha: kwenye macho yake mawili makubwa ya mbele kulikuwa na nukta nyeupe kali kama ncha ya sindano, mgongo uking'aa kama bati. Flashi tupu hiyo, bila kitu cha kulainisha mwanga. Usiku nikakata ubavu wa dumu jeupe la lita 5, nikaupinda mbele ya flashi ukafika hadi juu ya ncha ya lenzi. Leo machoni mwake kuna dirisha pana, laini, na nywele za usoni zinahesabika moja moja. Kwa ukubwa halisi, tundu la lenzi la f/11 linapitisha mwanga kama f/22, tundu dogo zaidi, na kinachotoka wazi ni kama milimita moja tu. Basi fokasi nimeifunga, nabana pumzi, nasogeza mwili mbele polepole mpaka macho yakolee.

Saa 4 na dakika 10. Nimepiga magoti kwenye njia ya siafu. Sitaeleza. Mzee alicheka mpaka akakaa chini, kisha akanisaidia kuwatoa kwenye soksi.

Mchana ugali na maharage, betri kwenye chaji, usingizi.

Saa 2 usiku. Kinyonga ukimtafuta mchana utakonda. Usiku hulala kwenye ncha ya tawi, rangi imepauka, na tochi humtoa haraka. Mwaka 2006 wanasayansi walikipa kikundi kizima cha vinyonga wa milima yetu jina Kinyongia, wakalitoa kwenye Kiswahili hiki hiki. Flashi naipunguza hadi 1/32 ya nguvu yake, dumu likiwa mbele, na upande wa nyuma Mzee anashika tochi iliyofungwa leso ili ukingo wa mgongo uchoreke gizani. Hatumshiki, tawi halivunjwi. Napiga mara tatu tu. Jicho lake, lililofunikwa ngozi kama koni, halikufunguka.

"Basi, mwanangu, muache alale."

Saa 4 usiku. Bado picha moja, dumu limepata ufa, na kibanio kimoja nimekisahau mwambani.