Lashinda Kipengele Chenyewe

Nimeosha vyombo, nimepiga pasi sare za Salha, nimemsomea Bi Mkubwa meseji zote za kikundi chake cha VICOBA, na bado sauti ya yule bwana imo kichwani.

"Dadangu, jaribio lako lashinda kipengele chenyewe."

Hivyo tu. Simu ikakwaruza, ikarudi, akasema nisalimie nyumbani, akakata. Mimi nilikuwa nimeshajibu. Nilijibu "ahsante."

Mnaonisoma toka zamani mnamjua Mkaguzi. Ni yule Mmombasa anayenipitishia macho viraka vyangu, yaani marekebisho ya msimbo, kabla sijavipeleka kwenye mradi wa PostgreSQL, ile programu huria ya hifadhidata, mtu asiye na maneno mengi, ambaye kwake "si mbaya" ni sherehe na vigelegele. Angekuwa mtu wa kuropoka ningeshasahau. Lakini huyu maneno huyapima, na safari hii kanipimia sita, na kila nikiyageuza yanatoka na sura nyingine.

Wiki yenyewe ilikuwa na mambo: wifi kajifungua mapacha, ofisi imehamia ghorofa ya nne ya jengo ambalo lifti yake ni pambo, na Baba Salha kaletewa ule uhamisho wa Dodoma tuliokuwa tukiomba dua usije. Nitayaandika siku nyingine. Leo nataka kulitua hili.

Kwa waliopitwa: kipengele changu ni kidogo, na kinakaa kwenye COPY, ile amri ya kumwaga faili zima ndani ya jedwali. Zamani mstari mmoja mbovu ulitosha kuangusha zigo lote. Faili lina mistari laki mbili, karani mmoja kaandika herufi O mahali pa sifuri, unaambulia jedwali tupu. Toleo la 17, lililotoka Septemba 2024, likaleta ON_ERROR. Ukiiambia ignore, mstari wenye thamani isiyogeuzika kuwa aina ya data ya safu yake unarukwa, na mwisho unaambiwa imerukwa mingapi. (Mstari wenye safu pungufu au za ziada bado unaangusha kila kitu, msije mkanilaumu.) Toleo la 18, mwaka uliofuata, likaongeza REJECT_LIMIT, ya kuweka kikomo: vumilia makosa hadi idadi fulani, yakizidi kataa yote.

Vizuri sana. Ila ile taarifa ya mwisho inakupa jumla peke yake. Ukitaka undani unawasha LOG_VERBOSITY, na hapo unamwagiwa taarifa ya kila mstari uliorukwa mpaka skrini inakimbia. Nilitaka cha katikati: muhtasari kwa safu. Safu ya tarehe makosa 18, ya bei matatu, ya idadi hakuna. Mtu atupe jicho mara moja ajue ugonjwa uko wapi. Kazini kwetu, ambako kila mwezi tunapokea mafaili kutoka maduka ya dawa yaliyoandikwa kila moja kwa mila yake, kitu hicho kingeniokolea jioni nyingi. Kuna anayeandika bei "1,500/=", na safu ya namba haitaki mkato wala hiyo alama ya mwisho. Kuna anayeandika "bado" kwenye safu ya idadi.

Sasa jaribio. Kule hupeleki kipengele mikono mitupu. Unaandika faili la SQL, na pembeni yake faili la matokeo unayoyatarajia. Kisha pg_regress, programu ya kuendeshea majaribio, inaliendesha la kwanza na kulilinganisha na la pili. Vikitofautiana, tofauti zinaandikwa kwenye regression.diffs na wewe unakaa kukodoa macho. Mafaili ya namna hiyo yako zaidi ya 200, na amri ya make check inayapitia yote. Halafu kiraka kikishapokelewa ndipo mashine za watu waliojitolea, kila moja ikiitwa jina la mnyama, zinakijaribu kwenye mifumo na vichakato ambavyo hujawahi kuvigusa. Kwa hiyo jaribio lazima litoe jibu lile lile popote. Kwa ajili hiyo pg_regress inakulazimishia mazingira: saa za pwani ya magharibi ya Marekani, na DateStyle, ule mpangilio wa kusoma na kuandika tarehe, ya kutanguliza mwezi. Uwe Tabata, uwe Tokyo, ukiandika make check umeshafika California.

Wengi hilo huwaudhi. Mimi nililifurahia, maana ndilo lililonipa jaribio langu.

Nilitunga faili la duka la dawa la kubuni, mauzo ya Aprili 2024, mstari mmoja kwa kila siku, tarehe zikiandikwa kama tunavyoandika sisi: 01/04/2024, 02/04/2024, hadi 30/04/2024. Nikalimwaga kwa ON_ERROR ignore. Kuanzia tarehe 13 seva inakataa, kwa sababu kwa macho yake hiyo ni miezi, na mwezi wa 13 haupo. Mistari 18 ikarukwa. Kipengele changu kikatangaza bila kigugumizi: safu ya tarehe, 18.

Na ile 12 iliyobaki? Imeingia. Imeingia kimya kimya, na ndani yake ulio sahihi ni mmoja tu, wa tarehe 4 Aprili, kwa sababu siku na mwezi vimegongana. Wa tarehe 1 Aprili umekuwa 4 Januari. Wa tarehe 2 umekuwa 4 Februari. Wa tarehe 12 umekuwa 4 Desemba.

Utamu wake ni kwamba ukichungulia jedwali kwa SELECT ya kawaida, ile amri ya kusoma data, humo ndani ya majaribio, huoni kitu. Seva imesoma ikitanguliza mwezi, na inaandika ikitanguliza mwezi, kwa hiyo inakurudishia tarakimu zako mwenyewe: 01-04-2024. Sisi tunaisoma Aprili mosi na kuendelea na chai. Ndipo nikaongeza to_char, itaje mwezi kwa jina badala ya namba, na ile safu ikafunguka: Jan, Feb, Mar, Apr, mpaka Dec, zote tarehe 4.

Hicho ndicho alichokisoma Mkaguzi kabla hajapiga simu.

Basi alimaanisha nini?

Nilipomweleza Baba Salha, hakuinua hata macho kwenye mpira. "Kakusifu."

"Angetaka kunisifu angekisifu kipengele."

"Mama Salha, wewe unatafuta ugomvi hata na sifa."

Labda. Lakini tuipitie polepole. "Dadangu" alilianza kwa upole, hilo sina shaka nalo. "Jaribio lako": lako, yaani kanitambua. "Lashinda": hapo ndipo pananikereketa. Mshindi lazima awe na aliyeshindwa, na aliyeshindwa ni kipengele nilichokilalia na kukiamkia. "Chenyewe" ndiyo imezidi kabisa. Angeishia "lashinda kipengele" ningelala. Hiyo "chenyewe" ina harufu ya mtu anayeweka kitu kando.

Jumatano nikiwa kwenye foleni ya Buguruni nikawa nimeshatunga majibu mbadala. "Lashinda vipi, kaka?" Jibu la mtu mzima, lenye kudai maelezo. Au: "Basi nikitoe?" Hilo lina kiburi kidogo. Au ningenyamaza tu, maana ukimya kwenye simu humlazimisha mwenzako kuendelea. Badala ya yote hayo nimesema ahsante, na mtu akishaambiwa ahsante hana tena la kuongeza, anasalimia nyumbani na kukata.

Nikajiliwaza kwa MERGE, amri ya kuingiza au kurekebisha mistari ya jedwali kwa mpigo. Wanaofuatilia mradi wanaikumbuka: iliingizwa mwaka 2018 ikitarajiwa toleo la 11, kisha ikaondolewa kabla toleo halijatoka, na watumiaji wakaipata toleo la 15, Oktoba 2022. Kazi ya watu wazima, wenye majina, ilirudi karakana na dunia haikusimama. Lakini faraja hiyo haikunikaa, kwa sababu mimi sijakataliwa. Kukataliwa kuna hadhi yake, unapewa sababu. Mimi nimeambiwa sentensi.

Kufika Alhamisi nilikuwa nimeshaelewa upande unaouma. Kipengele changu kinahesabu waliokataliwa. Mtu akiona "tarehe, 18" atawaza: sawa, 18 wabovu, 12 wazima. Na jaribio langu, nililoliandika kwa mkono wangu, chini ya kipengele hicho hicho, linasema hao 12 ndio wa kuogopwa. Mbovu aliyekataliwa utamtafuta. Aliyepita atakaa kwenye ripoti ya mwaka na kula na wakubwa.

Lakini hapo hapo nataka kubishana naye, na hili ndilo ningemwambia simu isingekwaruza. Seva itajuaje? 02/04 ni tarehe halali huku na huku. Hakuna msimbo utakaosoma nia ya karani wa Temeke. DateStyle ndiyo imepewa kazi hiyo, na DateStyle mara nyingi hakuna aliyeichagua: initdb, programu ya kuandaa hifadhidata mpya, huiweka kwa kufuata lugha na eneo la mashine wakati wa kusimika, na mashine nyingi tunazisimika kwa en_US, Kiingereza cha Marekani, kwa mazoea, basi tunarithi mwezi kwanza bila kuulizwa. COPY ikihesabu iliowakataa, imefanya kazi yake. Kuwatilia shaka iliowakubali si kazi yake. Kipengele changu hakina deni, na nitakisimamia.

Nilikuwa nayasema hayo kwa sauti jikoni jana jioni, laptopu iko juu ya meza, Bi Mkubwa anachambua mchele. Akaniuliza nagombana na nani. Nikasema na mtu wa kazini, yuko mbali. Akavuta kompyuta kwa kidole kimoja, akavaa miwani yake.

"Hili nini?"

"Duka la dawa, mama. Mauzo."

Mnajua Bi Mkubwa aliendesha duka Tanga miaka mingi, madaftari yake mpaka leo yamo uvunguni. Akateremka na ile safu ya miezi, akarudi juu, akateremka tena.

"Duka gani hili linafunguliwa siku moja kwa mwezi? Tena tarehe ile ile? Huyu mwenye duka mgonjwa au mwizi?"

Nilicheka mpaka Salha akatoka chumbani. Hakuangalia mistari iliyokataliwa. Hakuuliza safu ya tarehe imerukwa mara ngapi. Kaangalia waliopita, kaona hakuna duka la namna hiyo duniani, basi. Seva haiwezi kuujua mstari mmoja, kweli, lakini mtu akioneshwa yote 12 pamoja hahitaji kuwa fundi wa hifadhidata.

Na ghafla ile sentensi ikapoa. Sisemi nimejua Mkaguzi alimaanisha nini, bado sijui, na kumpigia kuuliza siwezi, nitaonekana mtoto. Ila usiku nilikaa na nyaraka za COPY, pale panapoeleza ON_ERROR, na nikaanza kuandika aya fupi ya tahadhari: kwamba kuruka makosa si kuthibitisha kilichobaki, na kwamba tarehe za namba tupu zitumwe kwa mtindo wa mwaka-mwezi-siku, ambao seva inausoma vile vile hata DateStyle ikiwa ipi. Kiraka cha nyaraka, peke yake. Muhtasari wangu wa safu utakwenda kando, na jaribio lake, ukisubiri msimu wa Julai wa ukaguzi. Viwili badala ya kimoja. Nilijisikia mwepesi kama sijawahi kuuona uhamisho wa Dodoma.

Pia desturi ya kule ni kwamba ukileta kiraka unakagua cha mwenzako, na nimejichagulia kimoja cha mgeni kabisa, kuhusu ujumbe wa kosa. Nimeshakisoma. Kizuri, majaribio yake hafifu. Nimeandika maoni na kuyafuta mara kadhaa, maana sasa kila neno naliona lina mkia. Mwishowe nimemwandikia aya tatu pale ambapo moja ingetosha. Aniite mropokaji.

Nilikuwa nafunga hapa, Baba kapiga kutoka Muheza. Usiku huu, yeye anayelala baada ya taarifa ya habari. Jirani mpya wa upande wa michungwa kaanza kuchimba msingi, na bikoni ya kona haionekani. Huenda imefukiwa tu na udongo, huenda si udongo. Mwenyekiti wa kijiji kasema yuko msibani mpaka Jumatatu, na mafundi wa jirani wanaendelea kesho asubuhi. Baba anataka ule mchoro wa mpimaji. Mchoro umo kwenye sanduku la bati, sanduku la bati nadhani lilibaki kwa kaka Tanga tulipohama, na kaka hapokei simu toka jana.