Nilivyopima soko la mitambo ya mazingira ya meli kabla ya kukopa

Mimi ni fundi wa injini za vyombo vya majini. Nilizaliwa Mombasa, kazi ikanileta Uganda, na siku hizi naishi Luzira, mwendo mfupi kutoka gati la Port Bell. Nilipotaka kufungua karakana ya mitambo ya kuzuia uchafuzi wa meli, chama chetu cha akiba na mikopo kilikubali kunisikiliza kwa sharti moja: nilete maandishi ya kuonyesha soko linaelekea wapi. Mama mwenyekiti aliniambia mbele ya kamati, "Mwanangu, tuambie nani atanunua, na kwa nini hataweza kuahirisha."

Swali lile la pili ndilo lililoniongoza kazi yote. Katika biashara hii mteja huahirisha kila anapoweza, maana skraba, yaani mtambo wa kuosha moshi, au mtambo wa farumi, yaani maji ambayo meli hupakia ili isiyumbe, haumwongezei mwenye meli hata kontena moja la shehena. Anaununua kwa sababu kuna sheria, na sheria ina tarehe. Kwa hiyo nilianza kwa kupanga tarehe, nikitazama ipi imekwisha kupita na ipi bado inakuja.

Bahari kwanza. Tarehe 1 Januari 2020 kiwango cha juu cha salfa katika mafuta ya meli kilishuka kutoka asilimia 3.50 hadi 0.50. Mwenye meli akabaki na njia mbili kuu: kununua mafuta safi zaidi yenye bei kubwa, au kufunga skraba ya kuosha moshi na kuendelea kuchoma mafuta mazito. Kwa meli kubwa inayokula mafuta mengi, skraba inalipa maadamu pengo la bei kati ya mafuta hayo mawili ni pana. Pengo likibanwa, hesabu inalegea. Tena skraba za mfumo wazi hurudisha baharini maji yaliyooshea moshi, na bandari kama Singapore na Fujairah zimeyapiga marufuku. Kwa upande mwingine, tangu 1 Mei 2025 Bahari ya Mediterania inadai salfa isiyozidi asilimia 0.10, na hilo limeongeza sababu ya kusafisha moshi. Soko lipo, lakini linayumba na bei ya mafuta, na mtu mwenye mtaji mdogo hawezi kuyumba nalo.

Farumi ndiyo iliyonifunza zaidi. Mkataba wa kimataifa wa maji ya farumi ulipitishwa mwaka 2004, ukaanza kutumika 8 Septemba 2017, na meli za zamani zilipewa mpaka 8 Septemba 2024 ziwe na mtambo wa kuua viumbe katika maji hayo. Miaka ile chelezo za China, mahali meli hupandishwa kutengenezwa, zilikuwa na kazi tele. Sasa tarehe imepita. Anayekwambia leo kwamba mauzo ya kufunga mitambo ya farumi kwenye meli kuukuu yatazidi kupanda, muulize atamuuzia nani. Kilichobaki ni meli mpya zinazoundwa, na matengenezo: taa za miale, vichujio, vihisio vinavyokufa. Binamu yangu anayefanya kazi Kilindini alinithibitishia kwa simu. "Kaka, mitambo imo melini. Wa kuitengeneza ndiye hayupo, na meli haikai hapa ikimngoja fundi atoke ng'ambo." Hilo nililiandika kama fursa ya Mombasa, siyo ya Luzira.

Kuhusu kaboni niliandika kwa ufupi. Umoja wa Ulaya umeanza kuwatoza wenye meli kwa hewa chafu: asilimia 40 ya ile ya mwaka 2024, 70 ya mwaka 2025, na yote kuanzia 2026. Lakini mpango wa dunia nzima uliotarajiwa kupitishwa London Oktoba 2025 uliahirishwa kwa mwaka mmoja, na tarehe ikiahirishwa, wanunuzi nao huahirisha. Sikuweka shilingi hata moja juu yake.

Kisha nikaligeukia ziwa letu, na hapo vitu viwili vinavyouzwa sana baharini vikaanguka vyenyewe. Meli zinazotoka Port Bell huenda Kisumu au Mwanza na kurudi. Haziwezi kutoka nje ya Ziwa Victoria. Maji ya farumi yanayopakiwa huku na kumwagwa kule ni ya ziwa lile lile, kwa hiyo hayaleti viumbe wageni. Tena mitambo ya farumi inayozalisha klorini kwa umeme hutegemea chumvi ya bahari, ambayo hapa haipo. Skraba nayo ni dawa ya mafuta mazito. Vyombo vyetu huchoma dizeli, na tangu 2015 dizeli ya Afrika Mashariki haitakiwi kuzidi salfa sehemu 50 kwa milioni. Hiyo ni mara mia chini ya kikomo cha baharini. Mjumbe mmoja wa kamati aliniuliza kwa nini nisiagize skraba walau moja ya maonyesho, kwa kuwa ndizo zinazovuma duniani. Nilimpa hesabu hiyo ya salfa tu, akaridhika.

Kinachotusumbua hapa kiko chini ya miguu ya fundi: maji ya ngama, yaani yanayokusanyika sehemu ya chini kabisa ya chombo. Kila chumba cha injini kina ngama, na kila ngama hukusanya maji yanayovuja, dizeli, oili chafu, grisi na sabuni. Baharini, meli kuanzia tani 400 hairuhusiwi kutupa maji hayo mpaka yapite kwenye separeta, mtambo wa kutenga mafuta na maji, na kubaki na mafuta yasiyozidi sehemu 15 kwa milioni. Hapa kwetu ghuba ya Murchison, iliko Port Bell, ndiyo hiyo hiyo iliko Ggaba, ambako Kampala huchota maji ya kunywa. Watoto wangu wanakunywa maji hayo. Sheria ya usafiri wa majini ya Uganda ya mwaka 2021 nayo inagusa uchafuzi wa vyombo, kwa hiyo upande wa "kwa nini hataweza kuahirisha" umeanza kupata jibu.

Nilizunguka kwenye vyombo vilivyokubali kunipokea, nikachota maji ya ngama kwenye chupa za plastiki zinazoonyesha ndani, nikazipanga dirishani. Baadhi zilijitenga vizuri: mafuta meusi juu, maji ya rangi ya chai chini. Nyingine zilibaki kama maziwa yaliyomwagiwa masizi, hata zikae vipi. Nikarudi kwa mafundi wakuu kuuliza. Mmoja, mzee wa Mwanza niliyemwamkia shikamoo nikaketi naye kwenye ngazi za injini, alinionyesha jerikeni ya sabuni ya unga iliyokorogwa. Vijana wake huoshea sakafu kila jioni. Sabuni ile huyapasua mafuta kuwa vitone vidogo mno vinavyoelea ndani ya maji, na separeta ya kawaida, inayosubiri mafuta yapande juu, haiwezi kuvikamata. Kichujio huziba, kengele ya kipimo hulia, mwishowe mtu anaona bora auzime mtambo wote.

Hapo ndipo mpango wa mkopo ulipopata sura. Fungu dogo niliweka kwenye separeta zenyewe, ambazo naagiza mteja anapotoa malipo ya kwanza. Fungu kubwa nililiweka kwenye vichujio vya akiba, sabuni ya chumba cha injini inayoachia mafuta haraka, kipimo cha mafuta ndani ya maji, na mapipa ya kukusanyia oili chafu. Anayenunua vitu hivyo ndiye mteja anayerudi kila mwezi. Usafirishaji wa oili chafu unahitaji kibali cha mamlaka ya mazingira, na gharama yake niliiandika wazi, kwa sababu bila mahali pa kuipeleka, oili iliyotenganishwa itarudi ziwani usiku.

Kamati ilipitisha nusu ya nilichoomba, nusu nyingine ikafungwa na mauzo ya vichujio. Mama mwenyekiti alitaka pia kuongezwa mitambo ya maji ya vyoo kwa vivuko vya abiria, na nakubaliana naye kwamba haja hiyo ni kubwa kuliko hata ya ngama. Ila mtambo huo unataka matangi, nafasi na mara nyingi kukata chuma, kazi ya chelezo wala siyo ya duka. Nimeuandika kwenye awamu ya pili, na nimeanza kuongea na wenye vivuko ili wapime nafasi iliyopo chombo kinapopandishwa kwa ukaguzi.