Nilivyoongeza kasi ya pigo la kuanzisha kwa kuanzia miguuni

Kwenye tenisi, takriban nusu ya nguvu ya pigo la kuanzisha hutoka miguuni na kiwiliwilini. Kwa hiyo sikuhangaika kunenepesha mkono. Nilipanga mwili upokezane: magoti, nyonga, kifua, bega, kiwiko, mwisho kifundo cha mkono.

Kwanza mshiko. Mpini una bapa nane. Kwa anayetumia mkono wa kulia, mzizi wa kidole cha shahada hukaa kwenye bapa la kwanza kulia kwa lile la juu, ukishika kama nyundo. Ukishika kama unavyopiga mipira ya kawaida, uso wa raketi hutazama wavu mapema mno, mkono unashindwa kujizungusha na mpira unasukumwa tu.

Kisha magoti, na hapa ndipo nilipopata kasi kubwa kuliko kwingine. Mkono wa kushoto ukiachia mpira, magoti yanakunjika, na yakifika chini yanasukuma papo hapo. Ukituama pale chini, mvutano wa misuli unapotea. Mwili unapopanda, raketi yenyewe hubaki nyuma na kuzama mgongoni. Usiishushe kwa makusudi. Kuzama huko kunavuta misuli ya bega, nayo ikijirudi ndiyo inayorusha raketi. Mkono wa kushoto ubaki juu hadi miguu ianze kusukuma. Ukishuka mapema, kifua kinafunguka kabla ya wakati, bega linabaki kufanya kazi peke yake, na maumivu hufuata.

Vidole vishike kwa ulegevu. Misuli ikikaza pande zote za kiungo inapingana yenyewe kwa yenyewe. Raketi iupandie mpira kwa ukingo, kisha mkono ujizungushe, kiganja kiishie kutazama nje.

Hapa Mwanza alasiri upepo wa ziwa huvuma kuelekea nchi kavu, hivyo mpira wa juu sana unahama. Ukipita mita 1 juu ya sehemu ya kupigia, hutumia karibu sekunde 0.45 kushuka hapo. Ukipita sentimita 40, ni 0.29 tu. Mimi nimechagua wa chini. Ila usiushushe zaidi ya hapo, utakosa muda wa miguu. Mbinu mpya naifanyia mazoezi asubuhi, upepo ukiwa umetulia.

Kupima, simu inayorekodi picha 240 kwa sekunde inatosha. Kutoka mstari wa nyuma hadi mstari wa mwisho wa kisanduku ambamo pigo la kuanzisha hutakiwa kudunda, ng'ambo ya wavu, ni kama mita 18.3. Mpira ukidunda karibu na mstari huo baada ya picha 120, yaani nusu sekunde, wastani wake ni kama kilomita 132 kwa saa. Ulipotoka kwenye raketi ulikuwa na kasi zaidi. Usilinganishe na kipimo cha Dar es Salaam: ziwa letu liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kidogo na haiukabi mpira kama ya pwani.